TKTS ya New York na ya London: punguzo ni la kweli, ila angalia kiti kabla ya bei

Mpenzi wa tamthilia za muziki akifika New York au London bila tiketi mkononi, kila atakayemuuliza atamwelekeza TKTS, kibanda kinachouza tiketi za maonesho kwa punguzo. Ushauri huo ni mzuri, lakini haujakamilika. TKTS inamfaa anayetaka jioni moja nzuri ukumbini na yuko tayari kupokea onesho lolote kati ya manne au matano anayoyapenda. Haimfai aliyevuka bahari kwa ajili ya onesho moja tu, wala anayesaka kiti cha bei ya chini kuliko vyote. Wengi wanaotoka pale wakinung'unika walikwenda kutafuta kitu ambacho kibanda hicho hakiuzi.

Cha New York ndicho kikongwe. Kilifunguliwa Juni 1973 kwenye Duffy Square, upande wa kaskazini wa Times Square, Broadway inapokutana na Mtaa wa 47. Kinaendeshwa na TDF, taasisi isiyotafuta faida iliyoanzishwa 1968 ili watu wengi zaidi waweze kuingia kwenye kumbi za maonesho. Jengo la sasa ni la 2008: madirisha ya tiketi yako chini, na juu yake kuna vidato 27 vya kioo chekundu ambavyo mtu yeyote anaruhusiwa kukalia bure. Cha London kilifuata 1980, kipo Leicester Square, na mwenyewe ni Society of London Theatre, chama cha wenye kumbi na watayarishaji wa mji huo. Umiliki huo una maana kwa mnunuzi. Kote kuwili tiketi zinatoka kwa wenye maonesho, hazijapita mikononi mwa walanguzi. Ni viti vilivyobaki, na pazia likishafunguliwa kiti kitupu hakimwingizii mtu yeyote hata senti, ndiyo maana mtayarishaji anakubali kukiachia kwa nusu bei saa chache kabla.

Lakini nusu ya bei ipi?

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Ubao wa New York huonesha jina la onesho, saa, asilimia ya punguzo na bei utakayolipa. Punguzo huwa kati ya asilimia 20 na 50, na juu yake huongezwa ada ya dola chache kwa kila tiketi, ambayo TDF huitumia kwenye kazi zake. Punguzo hilo kwa kawaida hukatwa kwenye viti vya daraja la juu: vya chini karibu na jukwaa, au vya mbele kwenye roshani ya kwanza. Viti vya nyuma kabisa vya roshani, ambavyo tangu mwanzo vina bei ndogo, mara nyingi havifiki pale kabisa.

Tuseme kiti cha chini kinauzwa dola 160. Ukikatiwa nusu unalipa 80, ukiongeza ada unafika karibu 87. Ukumbi huohuo unaweza kuwa na kiti cha safu za mwisho juu kwa dola 60, bila foleni, kwenye dirisha lake lenyewe. Kwa hiyo TKTS inakupa kiti kizuri kwa bei ya kiti cha wastani. Anayetaka kuingia tu, akae popote, aende moja kwa moja kwenye dirisha la ukumbi. Anayetaka kuona nyuso za waigizaji bila kumaliza posho ya wiki, hapo TKTS haina mpinzani.

Na kuhusu dirisha la ukumbi: ukinunua pale ana kwa ana Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, unakwepa ada za huduma zinazoongezwa mtandaoni, ambazo kwa watu wanne hufikia bei ya chakula cha jioni. Kumbi nyingi za Broadway zimejipanga kati ya Mtaa wa 41 na wa 54, kwa miguu si mbali. Kabla ya kujiunga na foleni ya TKTS, zunguka kwenye kumbi mbili tatu uulize bei ya viti vya nyuma. Robo saa ya kutembea itakuambia kama foleni inafaa au la.

Kinachopatikana na kisichopatikana

Onesho linalojaza ukumbi kila usiku halina sababu ya kupunguza bei. Hamilton, iliyoanza Broadway Agosti 2015 kwenye ukumbi wa Richard Rodgers, ilikaa miaka bila kuhitaji kibanda chochote. Onesho jipya lililotoka tu kushinda tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki nalo usilisubiri kwenye ubao. Kinyume chake ni maonesho yaliyodumu. Chicago, ambayo toleo lake la sasa limekuwapo tangu Novemba 1996, ni mwenyeji wa kudumu wa ubao wa New York, na hakuna ubaya kwa hilo: bendi yake inakaa jukwaani, nyuma ya wachezaji, kwa hiyo kiti cha mbele unachopata kwa punguzo kinakuweka karibu na wanamuziki kuliko maonesho mengi ya pale. Kuonekana kwenye ubao si dalili kwamba onesho ni baya. Ni dalili kwamba viti vya usiku huo ni vingi kuliko wanunuzi wa bei kamili.

Siku nazo zina tabia zao. Broadway hufanya maonesho manane kwa wiki, na kumbi nyingi hupumzika Jumatatu. Jumanne, Jumatano na Alhamisi usiku ndizo siku za mavuno kwa mwenye kutafuta punguzo. Jumamosi usiku ubao huwa mfupi na asilimia hushuka. Januari na Februari, watalii wakiwa wameondoka na baridi imekaza, hata maonesho yenye majivuno hujitokeza, na ndicho pia kipindi ambacho jiji hufanya Broadway Week, wiki za tiketi mbili kwa bei ya moja. Huja tena karibu na Septemba. Wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya ni balaa: bei juu, foleni ndefu, ubao mtupu. London wengi hupumzika Jumapili, hivyo usipange Jumapili kuwa siku yako pekee ya onesho.

Saa ya kufika

Onesho la usiku Broadway huanza saa moja au saa mbili, la mchana saa nane, na Jumapili mara nyingi saa tisa. Tiketi za usiku huanza kuuzwa Duffy Square alasiri, na saa kamili hutofautiana kwa siku na msimu, hivyo angalia ratiba ya siku hiyohiyo kwenye programu ya simu ya TKTS. Programu hiyo inaonesha pia maonesho yaliyopo ubaoni kwa wakati huo, bure, na inafaa kuifungua hata ukiwa kitandani hotelini: ukiona hakuna unachokitaka, umeokoa saa mbili za kusimama. Kumbuka tu kwamba New York tiketi zenyewe zinanunuliwa dirishani, hazinunuliwi kwenye simu.

Watu hudhani lazima uwe wa kwanza. Ni kweli kwa baadhi tu. Familia ya watu wanne wanaotaka kukaa pamoja iwahi kabla madirisha hayajafunguliwa, kwa sababu viti vinne vya kufuatana ndivyo vinavyokwisha kwanza, na saa kumi na moja jioni watabaki kugawanyika wawili wawili. Mtu mmoja au wawili wana uhuru mkubwa. Watayarishaji huachia viti kidogo kidogo mchana kutwa: viti vilivyokuwa vimewekwa akiba kwa wageni wa waigizaji, wafadhili na waandishi hurudishwa kadiri saa ya onesho inavyokaribia. Ndiyo maana jina ambalo halikuwapo saa tisa linaweza kutokea saa kumi na mbili, na foleni wakati huo ni fupi. Hatari yake inaeleweka: ukichelewa sana unakosa muda wa kula, na ukumbi ukiwa mitaa minane mbali utakimbia.

Kuna njia tatu za kuikwepa foleni ndefu, na zote ni halali. Ya kwanza ni dirisha la tamthilia za maneno matupu. Anayetaka mchezo usio na muziki anaelekezwa huko, na kwa kawaida watu ni wachache. Ya pili ni kuhifadhi tiketi yako: ukinunua TKTS kisha ukarudi ndani ya siku 7 na tiketi hiyo mkononi, unapelekwa dirishani bila kupanga foleni. Wanaotaka kuona maonesho mawili au matatu kwa wiki moja wafanye la kwanza siku yenye utulivu, halafu wafaidi siku zinazofuata. Ya tatu ni tawi la Lincoln Center, ndani ya David Rubenstein Atrium, Broadway kati ya Mtaa wa 62 na 63. Pale ni ndani ya jengo, kuna viti na joto, na unaweza kununua leo tiketi ya onesho la mchana la kesho. Ukiwa na mzee au mtoto mwezi wa Januari, usifikirie mara mbili.

Foleni yenyewe ni sehemu ya huduma

Wafanyakazi wa TDF hutembea kwenye foleni wakijibu maswali, na wameyaona maonesho wanayoyazungumzia. Watumie. Maswali yenye faida ni mafupi: onesho linachukua muda gani, lina mapumziko au halina, viti vilivyobaki viko upande gani, linafaa mtoto wa miaka saba? Ukiwauliza "lipi ni zuri?" utapata jibu la adabu tu. Waambie kwanza onesho mbili ulizozipenda na moja uliyochoka nayo, ndipo watakupa la kushika.

Wasikilize pia waliosimama mbele na nyuma yako. Wapenzi wa tamthilia za muziki wa mji huu ni watu wa kazi za kawaida, wanaotoka ofisini na begi la chakula cha mchana, na mazungumzo yao huchanganya mambo ya jukwaa na ya nyumbani bila kituo: nani anaimba leo badala ya nani, nani ana mafua, kodi ya nyumba imepanda, treni ya saa nne inasimama wapi. Humo ndimo utasikia kwamba mwigizaji mkuu yuko likizo wiki hii, au kwamba mwigizaji wa akiba anayeingia leo ana sauti ya kumfanya mtu arudi mara ya pili. Habari hiyo haiandikwi ubaoni. Usidharau waigizaji wa akiba: wengi wamejifunza nafasi tatu au nne za onesho moja na wanaweza kuingia yoyote kati ya hizo kwa taarifa ya saa chache. Mabadiliko ya usiku huo hutangazwa ukumbini na kwenye karatasi ndogo inayochomekwa ndani ya kijitabu cha Playbill, na kwa kuwa tiketi za TKTS hazirudishwi wala kubadilishwa, aliyekuja kwa ajili ya nyota mmoja athibitishe kwanza kabla ya kulipa.

Ila wapo wengine wanaozunguka hapo na karatasi za matangazo na maneno matamu, wakiuza tiketi za vichekesho au "viti vya mwisho" vya onesho lililojaa. Hao si wa TDF. TDF haiuzi tiketi kando ya barabara, ni dirishani tu.

Kiti: hapa tafadhali soma polepole

Muuzaji atakutajia safu na namba, na utakuwa na sekunde chache za kuamua. Ukishindwa kuzisoma, punguzo halikusaidii.

Kumbi nyingi za Broadway zina ngazi mbili au tatu za viti. Orchestra ni chini, Mezzanine ni roshani ya kwanza, na Balcony, pale ilipo, ni juu kabisa. Chini, viti vya upande wa kushoto ukitazama jukwaa vina namba witiri tu: 1, 3, 5, 7. Vya kulia vina namba shufwa tu: 2, 4, 6, 8. Vya katikati huanzia 101 na hufuatana. Kwa hiyo ukipewa 5 na 7 mmekaa bega kwa bega, na ukipewa 5 na 6 mnatenganishwa na viti vyote vya katikati. Wapo wanandoa wanaokataa viti 11 na 13 wakidhani wametenganishwa, wakaacha jozi nzuri. Kumbuka jambo la pili: pembeni, namba ndogo ndiyo iliyo karibu na katikati. Kiti cha 3 ni kizuri. Cha 23 kiko ukutani, na utaona waigizaji wakijiandaa kuingia upande mmoja huku kona ya upande wako ikikupotea.

Safu ya kwanza huvutia, lakini jukwaa likiwa juu huoni miguu. Kwa onesho la kuchezwa hiyo ni hasara kubwa, maana wachezaji ishirini wakisogea kwa mpangilio, uzuri wake unaonekana kutoka juu kidogo. Safu tatu za mbele za Mezzanine, katikati, ndizo ningempa mtu yeyote anayekwenda kutazama onesho la kuchezwa. Kwa onesho la sauti na uso, la watu wawili wanaogombana kwa wimbo, chini safu ya tano hadi ya kumi. The Lion King ni tofauti na yote: wimbo wa kufungua huleta wanyama kupitia njia zilizo kati ya viti vya chini, tembo akiwamo, na aliye roshani hukosa sehemu ya msafara huo. Kiti cha chini kando ya njia kina thamani pale kuliko safu ya mbele.

London majina ni mengine: Stalls chini, kisha Dress Circle au Royal Circle, kisha Upper au Grand Circle, na kwenye kumbi kongwe Balcony juu zaidi. Namba za viti kwa kawaida hufuatana, hivyo hilo halina tabu. Tabu ya London ni majengo yenyewe. Mengi yalijengwa enzi za Malkia Victoria na mwanzoni mwa karne ya 20, roshani zinatokeza sana juu ya viti vya chini, na nafasi ya magoti kwenye ngazi za juu ni ndogo. Ukikaa Stalls safu za nyuma, dari la roshani iliyo juu yako linakata sehemu ya juu ya jukwaa. Kwenye The Phantom of the Opera, iliyopo His Majesty's tangu Oktoba 1986, maana yake ni kwamba ile taa kubwa maarufu inapanda kwenda dari la ukumbi na wewe huioni tena, unasikia tu watu wa mbele wakishusha pumzi. Kiti hichohicho kwenye ramani ya ukumbi kinaonekana cha maana, kipo chini na kipo katikati, na kinauzwa kwa punguzo la kuvutia. Uliza: "Je, roshani inakata kitu?" Muuzaji anajua.

Maneno ya kutafuta kwenye tiketi ni "partial view" kwa Marekani na "restricted view" kwa Uingereza. Nguzo, ukuta wa pembeni au chuma cha kushikilia mbele ya roshani vyote huingia humo. Havifanani. Chuma kinachokatiza ukingo wa chini wa jukwaa unaweza kukivumilia kwa kuinua kichwa. Nguzo katikati ya macho huivumilii saa mbili na nusu. Kama tiketi ina maneno hayo, uliza ni kitu gani hasa kinachozuia na kiko upande upi.

Mwenye matatizo ya miguu aseme kabla ya kulipa. Kumbi kongwe za miji yote miwili mara nyingi hazina lifti ya kufika juu, na Mezzanine inaweza kuwa ngazi tupu kutoka mlangoni hadi kitini, na ngazi tena kwenda msalani wakati wa mapumziko ya robo saa ambayo watu mia kadhaa wanagombea milango michache.

London kwa kifupi

Leicester Square imenifurahisha zaidi kwa utaratibu. Kibanda kiko kwenye bustani ya uwanja wenyewe, hatua chache kutoka kituo cha treni za chini ya ardhi cha Leicester Square, na kinauza tiketi za siku hiyo na za siku chache zijazo, jambo ambalo New York hulifanya kwa maonesho ya mchana tu. Unaweza kununua mtandaoni pia. Onesho la usiku kwa kawaida ni saa moja na nusu, la mchana saa nane na nusu.

Shida ni jirani zake. Mitaa inayozunguka uwanja ina maduka yenye mabango ya nusu bei yanayofanana sana na TKTS kwa rangi na maneno. Baadhi ni mawakala halali, wengine huongeza ada inayokula punguzo lote. Tafuta alama ya STAR, chama cha mawakala wa tiketi wa Uingereza, kisha uliza bei iliyochapishwa kwenye tiketi yenyewe na ulinganishe na unayotozwa. Muuzaji akikataa kukutajia bei ya awali ya kiti, toka.

Na tofauti ndogo za ukumbini: kijitabu cha onesho New York ni bure, London unakinunua, na mapumziko London huwa marefu kidogo, watu wakipanga mstari wa aiskrimu.

Njia nyingine zinazoshindana na TKTS

Anayetaka onesho moja tu asiache kujaribu bahati nasibu na tiketi za asubuhi. Utamaduni huu ulishika kasi na tamthilia ya muziki ya Rent mwaka 1996, ilipotenga safu mbili za mbele kwa dola 20 kwa vijana waliokuwa tayari kupanga foleni. Foleni ikawa ndefu hadi watu wakalala barabarani, na mwaka uliofuata ikageuzwa kuwa kura. Hamilton iliendeleza kwa kura ya dola 10. Siku hizi nyingi zinafanyika kwenye simu: unajiandikisha siku moja kabla au asubuhi, ukishinda una muda mfupi wa kulipa, mara nyingi saa moja, ukipitiliza tiketi inakwenda kwa mwingine. Washa arifa na uwe na kadi karibu. Viti vya kura huwa safu ya mbele kabisa au pembeni, kwa sababu nilizoeleza hapo juu.

Tiketi za asubuhi hutolewa dirisha la ukumbi linapofunguliwa, kwa kawaida saa nne, idadi ndogo, mbili kwa kila mtu. London nyingi zimehamia kwenye programu ya TodayTix, na zinaweza kwisha ndani ya dakika. Ratiba inayofanya kazi vizuri ni hii: jiandikishe kwenye kura za maonesho mawili unayoyataka zaidi, saa nne jaribu tiketi za asubuhi, na kama zote zimegoma, alasiri nenda TKTS ukiwa na majina matatu kwa mpangilio wa mapenzi yako. Ukifika dirishani bila la pili na la tatu, utachagua kwa pupa huku watu nyuma yako wakikohoa.

Kwa asiyezoea Kiingereza cha kasi, chagua kwa kuzingatia hilo. Hamilton ni maneno mengi ya kufoka yanayokimbia, na aliyekaa bila kuisikiliza rekodi yake kabla atapoteza nusu ya hadithi. Chicago unaielewa kwa macho. Kumbi nyingi za Broadway hutumia programu ya GalaPro, inayoleta maandishi ya maneno ya jukwaani kwenye simu yako, herufi zikiwa kwenye skrini nyeusi ili usimsumbue jirani. Ipakue kabla ya kuondoka hotelini na uchaji simu.

Watoto nao wana kanuni. Kumbi nyingi za Broadway hazimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 4, na kila mtoto anahitaji tiketi yake hata kama atakaa mapajani. London, kila Agosti, Society of London Theatre huendesha Kids Week, ambapo mtoto mmoja anaingia bure na mtu mzima aliyelipa bei kamili kwenye maonesho yanayoshiriki. Familia inayosafiri mwezi huo ilinganishe hesabu hiyo na punguzo la TKTS kwanza, maana kwa mzazi mmoja na mtoto mmoja Kids Week inafikia nusu bei ileile, na kiti unakichagua mwenyewe mapema.